Je, Ni Uongo Kuandika Tarakimu Iliyo Kweli?

Liko swali moja ambalo twapenda kuliweka mbele ya wasomaji wetu, hasa walimu wenzetu na vijana wasomao fizikia katika vyuo vikuu. Swali lenyewe laonekana dogo, nalo ni hili: mtu akipima kitu, akapata tarakimu isiyopatana na ile iliyoandikwa kitabuni, naye ajua kwa hakika ya kuwa kitabu kimesema kweli, je, akiandika ile ya kitabu amesema uongo? Wengine watajibu upesi kwamba hakuna uongo hapo, maana kilichoandikwa ni kweli. Wengine watajibu upesi vile vile kwamba ni uongo mtupu. Sisi twaona haifai kulijibu upesi, kwa sababu lina mizizi mirefu, tena limetugusa sisi wenyewe.

Kila chuo kikuu kifundishacho fizikia kina chumba cha majaribio, yaani maabara, ambamo vijana wasiopata bado shahada yao ya kwanza hurudia majaribio makubwa yaliyofanywa na wataalamu mwanzoni mwa karne ya 20. Humo hupima chaji ya elektroni, hupima jinsi mwanga utoavyo elektroni katika metali, tena huhesabu chembe zirukazo kutoka katika vitu vyenye unururifu. Katika majaribio hayo hakuna ambalo jibu lake halijulikani. Chaji ya elektroni, kwa mfano, tangu tarehe 20 Mei 2019 imewekwa kuwa kipimo kisichobadilika, nayo ni kulombi 1.602176634 zilizogawanywa kwa 10 mara 19. Basi mtu aweza kuuliza, kijana ana haja gani ya kuipima tena kwa chombo kilichochakaa, na wakubwa wamekwisha kuipima kwa vyombo bora? Walimu hujibu kwamba jaribio lile limewekwa kwa ajili ya kijana mwenyewe, ajifunze kutazama, kungoja, kuandika, na kujua kadiri ya kosa lake. Jibu hilo ni zuri. Lakini kijana aingiapo maabara na jibu mfukoni, yumo katika jaribu lisilosemwa katika karatasi ya maagizo.

Tutaeleza jaribio moja, ili wasomaji waone jaribu hilo hukaa wapi. Mafuta hurushwa kama ukungu kati ya sahani mbili za metali, moja juu na moja chini. Mtu hutazama kwa hadubini, naye huona matone yaking'aa kama nyota katika giza. Huchagua tone moja, akapima kwa saa muda litumiao kuanguka kwa uzito wake. Kisha huzitia sahani umeme, na tone lenye chaji hupanda badala ya kushuka. Hapo hupima muda wa kupanda. Kwa miendo hiyo miwili, pamoja na mnato wa hewa, nguvu ya umeme, na nafasi iliyo kati ya sahani, aweza kupiga hesabu ya chaji ya tone. Akifanya hivyo kwa matone mengi, huona kwamba chaji zote ni mafungu ya kiasi kimoja, kama vile bei za dukani zilivyo mafungu ya senti, wala hakuna nusu ya senti. Kiasi hicho kimoja ndicho chaji ya elektroni. Jambo hili huchosha sana. Macho huuma, tone hupotea, upepo mdogo wa mlangoni huharibu kazi ya nusu saa.

Sisi tulipokuwa wanafunzi tulilifanya jaribio hilo siku tatu, na kila tulipopiga hesabu tulipata 1.79 au karibu yake, wala hatukupata 1.60. Tulirudia, ikawa vile vile. Siku ya kutoa daftari ilikuwa kesho yake. Usiku ule tulikaa na taa, tukayaacha matone mawili yaliyokuwa mbali zaidi, na katika mengine tukaongeza nusu sekunde hapa na sekunde nzima pale, hata hesabu ikatoa 1.61. Tukaandika kwa hati nzuri. Tulisema moyoni ya kwamba hatumdhulumu mtu, kwa kuwa ulimwengu mzima wajua jibu ni 1.60, nasi tumeandika lililo karibu na kweli kuliko lile tuliloliona.

Mwenzetu mmoja, aliyetumia chombo kile kile siku nyingine, aliandika 1.79 kama alivyoiona. Chini yake akaongeza maneno machache, kwamba matone yake yote yamekosea upande mmoja, kwa kadiri ile ile, kwa hiyo adhani kosa liko katika chombo wala si katika mkono wake. Mwalimu wa maabara aliposoma hayo alikifungua chombo mbele yetu sote, akapima nafasi kati ya sahani. Kibandiko cha chombo kilisema milimita 7.6, nafasi yenyewe ilikuwa milimita 6.8. Pete itengayo sahani ilikuwa imebadilishwa zamani, wala hakuna aliyebadili kibandiko. Na ukigawanya 7.6 kwa 6.8, kisha ukazidisha kwa 1.60, wapata 1.79 barabara.

Wasomaji na watazame jambo hilo vizuri. Tarakimu ya mwenzetu ilikuwa si sahihi, lakini ilikuwa na habari ndani yake. Yetu ilikuwa karibu na sahihi, nayo haikuwa na habari yo yote. Matone yetu yalikuwa yakitwambia siku tatu mfululizo kwamba pete si ile, nasi tukayafunga kinywa.

Hapo ndipo twaona kwamba neno "kweli" lina maana mbili, na watu huzichanganya. Kuna kweli ya jambo lenyewe, na kuna kweli ya shahidi. Mtu akiitwa barazani kutoa ushahidi wa wizi, haulizwi mwizi ni nani; hilo ni kazi ya mwamuzi. Huulizwa ameona nini. Akisema "nilimwona fulani" hali hakumwona, bali amesikia tu kwa watu, basi ni shahidi wa uongo, hata ikiwa fulani ndiye mwizi kweli. Kosa lake si kwamba amemtaja asiye mwizi. Kosa lake ni kwamba amelifanya sikio kuwa jicho, na mwamuzi aliyedhani ana mashahidi wawili sasa ana mmoja tu, naye hajui. Vivyo hivyo baharia aliyetumwa omo kutupa bildi. Akiona uvivu kuitupa, akampigia nahodha kelele ya pima nane kwa kuwa safari iliyopita maji yalikuwa pima nane, huenda maji yakawa pima nane kweli. Lakini nahodha hana tena bildi. Ana kumbukumbu ya mwaka jana iliyovaa nguo za bildi. Na fungu la mchanga huhama.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la kwanza ni ndiyo: ni uongo kuandika tarakimu iliyo kweli, ikiwa daftari ladai kwamba uliiona nawe hukuiona. Wahenga walisema, usiandikie mate na wino ungalipo. Wino wa maabara ni kile chombo kilichokuonyesha.

Lakini hatutaki kulimaliza neno mapema, kwa maana kuna hoja nzito upande wa pili. Mtu atasema: "Hakuna apimaye asiyechagua. Tone likipigwa na upepo hulitupa. Saa ikichelewa kubonyezwa huanza upya. Ikiwa kuchagua ni uongo, basi wataalamu wote ni waongo." Naye aweza kumtaja mwenye jaribio mwenyewe, Robert Millikan wa Chicago. Millikan alitangaza matokeo yake makubwa mwaka 1913, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1923. Katika makala yake ya 1913 aliandika kwamba matone 58 aliyoyaonyesha hayakuteuliwa, bali ndiyo yote yaliyopimwa katika siku 60 zilizofuatana. Miaka mingi baadaye, mwanahistoria Gerald Holton aliyasoma madaftari yake, na mwaka 1978 akaandika aliyoyakuta humo: matone yaliyopimwa yalikuwa mengi kuliko 58, na pembeni Millikan alikuwa ameandika maneno ya kusifu tone hili na kulikataa lile. Wachunguzi wengine waliopiga hesabu upya waliona kwamba matone yaliyoachwa yasingalibadili jibu lake ila kidogo sana, ingawa yangaliongeza kadiri ya shaka.

Sisi hatusemi kwamba Millikan alikuwa mdanganyifu. Matone mengine aliyaacha kwa sababu halali, kama vile chombo kutotulia. Lakini neno lile "yote" halikuwa sawa, wala ustadi wake wote haulifanyi kuwa sawa. Tena jambo hilo latufundisha mpaka uko wapi. Kuchagua kwenyewe si dhambi. Mtu asiyechagua hawezi kupima. Lakini sababu ya kulitupa tone yapasa ijulikane kabla ya hesabu ya tone hilo kujulikana. Ukiona mlango umefunguliwa na upepo umeingia, litupe tone pale pale, uandike "upepo". Ukingoja kwanza kuona jibu, na baada ya kulichukia jibu ukakumbuka kwamba mlango ulifunguliwa, basi aliyelitupa tone si upepo, ni wewe. Na kila ulichokikataa ukipige mstari mmoja, kisomeke chini ya mstari, usikifute. Mtu mwingine akija baadaye aweze kukuamua.

Hoja ya pili ni hii: kosa la mwanafunzi halimdhuru mtu, kwa kuwa hakuna ategemeaye daftari lake. Hoja hii ina nguvu, nasi tuliitumia usiku ule. Lakini tabia haijui cheo. Chaji aliyoipata Millikan ilikuwa 1.592 kwa kipimo cha kulombi, yaani pungufu kidogo, kwa sababu mnato wa hewa alioutumia haukuwa sahihi. Mwaka 1974 Richard Feynman, akiwaaga wahitimu wa chuo cha Caltech, alieleza kwamba waliopima baada ya Millikan hawakuruka mara moja mpaka tarakimu iliyo sahihi. Walipanda kidogo kidogo, huyu akimzidi yule kidogo. Feynman alitoa sababu: aliyepata tarakimu iliyo mbali na ya Millikan alidhani amekosea, akatafuta kosa mpaka akaliona, aliyepata iliyo karibu hakutafuta sana. Hao hawakuwa wanafunzi, tena hawakuongeza nusu sekunde usiku. Walikuwa wataalamu waaminifu, waliochoka upande mmoja na kuchangamka upande mwingine. Basi ikiwa waaminifu walivutwa hivyo, atakuwaje yule aliyezoea tangu ujana kuipinda tarakimu kwa makusudi?

Kwa upande mwingine, yafaa tukumbuke wale walioandika walichokiona ingawa hakikutazamiwa. Mwaka 1909, huko Manchester, Ernest Marsden alikuwa kijana wa miaka 20, hajapata bado shahada yake. Rutherford alimpa kazi iliyoonekana haina matunda, yaani kutazama kama chembe za alfa zaweza kurudi nyuma zipigapo bamba la metali. Akiwa pamoja na Hans Geiger, alikaa gizani mpaka macho yakazoea, akahesabu vimulimuli vidogo juu ya kioo cha zinki salfaidi. Walitangaza kwamba chembe moja hivi katika 8,000 zilizopiga bamba la platini ilirudi nyuma. Tarakimu hiyo ni ndogo. Mtu mwenye haraka angaliweza kusema "hakuna", na kitabu cha wakati ule kingalimwunga mkono. Lakini kwa tarakimu hiyo Rutherford alitambua, mwaka 1911, kwamba atomu ina kiini.

Na Millikan naye, tumtendee haki. Hakuikubali nadharia ya Einstein ya mwaka 1905 juu ya mwanga, akafanya kazi kwa miaka 10 hivi akitumaini kuonyesha kuwa si kweli. Mwaka 1916 vipimo vyake vilionyesha kwamba hesabu ya Einstein yapatana kabisa, naye akavitangaza jinsi vilivyo. Mtu mmoja, mikono ile ile. Twajifunza hapo kwamba uaminifu si mali ambayo mtu huipata mara moja akaiweka sandukuni. Huamuliwa upya kila ukurasa.

Tusidhani kwamba mambo hayo ni ya ng'ambo tu. Mwaka 1963, katika Tanganyika, mwanafunzi Erasto Mpemba alipokuwa akitengeneza aiskrimu aliona kwamba maziwa aliyoyatia yakiwa moto yaliganda kabla ya yale yaliyotiwa yakiwa yamepoa. Alipouliza shuleni aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, na wenzake wakamcheka. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyewatembelea. Osborne hakucheka, aliahidi kujaribu, akamwagiza fundi wa maabara afanye. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza kweli, lakini akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sawa! Osborne alilisimulia jambo hilo katika makala waliyoichapisha pamoja na Mpemba mwaka 1969. Wasomaji watacheka, nasi tulicheka, mpaka tulipokumbuka kwamba fundi yule alisema kwa sauti neno ambalo sisi tulilitenda kimya kimya. Wataalamu wangali wakishindana juu ya jambo hilo. Wako waliojaribu tena, kama wale waliochapisha kazi yao mwaka 2016, wasiuone ushahidi wa kutosha. Lakini hata siku moja ikiamuliwa kwamba maji ya moto hayatangulii, Mpemba hatakuwa mwongo. Alisema alichokiona, akaomba kisaidiwe kueleweka. Shahidi hadaiwi zaidi ya hapo.

Sasa twafanyaje? Kuwaambia vijana "kuweni waaminifu" hakutoshi, kwa maana sisi tuliambiwa hivyo. Twaona faida ya kuiga wakubwa wa kazi hii katika zama zetu. Katika maabara ya Fermilab, karibu na Chicago, watu waliokuwa wakipima sumaku ya chembe iitwayo muoni walijua jibu lililotazamiwa. Kwa hiyo waliificha kasi hasa ya saa yao. Watu wawili wasio wa kundi lao waliijua siri hiyo, ikawekwa katika bahasha, na hesabu yote ilifanywa bila mtu kujua itaangukia wapi. Bahasha ilifunguliwa kazi ilipokwisha, na matokeo yakatangazwa mwezi wa Aprili 2021. Watu hao hawakufanya hivyo kwa kuwa ni waovu. Walijua kwamba moyo wa mtu hulisukuma jibu hata akiwa amelala. Kutojiamini kwa namna hiyo ni sehemu ya ustadi, kama kujua kusoma hadubini.

Basi kijana na aandike kwa wino, wakati ule ule, wala asinakili usiku. Aandike kadiri ya shaka yake kabla ya kufungua kitabu. Jibu likikosana na la kitabu, atafute sababu. Akiiona na aieleze, asipoiona na aseme hakuiona. Na jibu likipatana na la kitabu, hapo pia atafute, kwa bidii ile ile, maana makosa mawili huweza kupatana yakaitwa kweli.

Neno la mwisho ni letu sisi walimu. Usiku ule wa taa, hatukuogopa elektroni, tuliogopa alama. Daftari letu lenye 1.61 lilipata alama nzuri, na tulipokiona chombo kimefunguliwa hatukusema neno. Miaka ikapita, tukawa walimu, na siku moja tulishika kalamu nyekundu mbele ya daftari la mwanafunzi aliyepata jibu baya kwa kazi njema, nasi tukamwandikia alama ndogo. Tulikuwa tumekwisha kugeuka nyumba nyingine tulipotambua tumefanya nini. Tulirudi, tukaibadili alama ile, tukamweleza mwanafunzi kwa nini. Tangu hapo twasoma kwanza kurasa za vipimo, na mistari iliyopigwa, na sababu zilizoandikwa kando, tukatoa alama kabla ya kutazama tarakimu ya mwisho. Mwalimu atoaye alama kwa jibu tu, akasema apenda kweli, awafundisha vijana wake mambo mawili kwa wakati mmoja, na lile la alama ndilo watakaloondoka nalo.